Mzazi kauliza: tsunami ikija mkiwa ufukweni Tanga mtafanya nini? Wajuzi karibuni

#1 MwalimuKiboriloni
Wakuu salaam. Nafundisha jiografia sekondari hapa Moshi. Mwezi ujao nawapeleka kidato cha pili Tanga kwa siku mbili: Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, halafu nusu siku ufukweni, maana wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Jumamosi kwenye kikao cha wazazi mama mmoja akasimama: "Mwalimu, ile tsunami ikija watoto wakiwa majini, mmejipangaje?" Wazazi wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Kuchora ubaoni bamba moja la ardhi likizama chini ya jingine naweza, lakini sikujua watoto wakimbilie wapi, na wakiona dalili gani. Nikamwahidi jibu kabla ya safari.

Naomba tujadiliane. Inaanzaje hasa? Inaweza kufika kwetu? Na aliye mchangani afanye nini?

#2 KijanaWaNgarenaro
Mwalimu, nyie Moshi mko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, sisi Chuga (Arusha) tuko kama 1,400. Tsunami ya kutufikia huku bado haijazaliwa. Lala salama.

#3 BintiMpare
#2 umesoma kichwa cha uzi ukakimbilia kujibu. Watoto wanapelekwa TANGA. Na huyo mama mimi nampongeza, maana kwenye vikao vingi maswali ni ya michango tu.

#4 BahariaMstaafu
Mwalimu, nimekaa melini miaka 22, sasa nalima migomba Sanya Juu. Nianze na kosa moja ambalo wengi wanalo. Wanadhani tsunami ni wimbi kama yale ya msimu wa kusi, ila limekuzwa. Sivyo. Wimbi la upepo linatikisa maji ya juu tu. Huko chini sana hakuna habari zake. Tsunami ni bahari yote inayosukumwa, kuanzia sakafuni hadi juu. Sakafu ikiinuka ghafla mita kadhaa, kwa urefu wa mamia ya kilomita, maji yaliyo juu yake yanainuliwa nayo, na lazima yatafute usawa wake.

Kwenye kina cha mita 4,000 yanakwenda karibu kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Na ukiwa melini juu yake hujui kitu. Kimo chake hapo kinaweza kuwa nusu mita, na kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi wa pili ni kilomita mia au zaidi. Shida iko pwani. Kina kikipungua, maji ya mbele yanapunguza mwendo na ya nyuma bado yanasukuma, basi yanarundikana. Wavuvi wa Japani walikuwa wakirudi na kukuta bandari imesombwa ilhali wao huko nje hawakuona chochote. Ndiyo jina lenyewe: tsu ni bandari, nami ni wimbi.

#5 KijanaWaNgarenaro
Mzee shikamoo. Nafuta kauli yangu ya #2, nimekaa chini nasoma.

#6 MangiMdogo
Ile tsunami ya 2004 ya Bahari ya Hindi ilikuwa tarehe 26 Desemba, Jumapili, siku ya pili ya Krismasi. Wachaga wote wa Dar tulikuwa huko juu Kilimanjaro: Kibosho, Marangu na Rombo. Mila ya kurudi nyumbani Desemba ilitukinga, wala hatukuhitaji king'ora.

#7 MkaziWaUsaRiver
Mangi, najua unatania, ila mimi siku hiyo nilikuwa Dar, nina miaka 11. Tulikwenda Kigamboni na binamu zangu. Jua kali, hakuna upepo. Maji yalikuwa yamekupwa, watu wametawanyika mbali kwenye mchanga mtupu. Ghafla yakaanza kurudi, na haukuwa wakati wake. Hakukuwa na ukuta wa maji kama wa kwenye picha. Yalipanda kama beseni linavyojaa, kisha yakageuka na kuondoka kama mto uliofurika. Ni huko kuondoka kulikochukua watu. Vijana wawili wa mtaa wa pili walivutwa mbele ya macho yetu, akapatikana mmoja.

Tulirudi nyumbani hatujui kilichotokea kinaitwaje. Jina tulilisikia redioni jioni.

#8 MangiMdogo
Pole sana dada. Nimekosea kuingiza utani hapo.

#9 MwalimuKiboriloni
#7 asante kwa kutuandikia. Hilo la maji kuua yanapoondoka silioni kwenye kitabu changu cha kufundishia. Nimeliandika.

#10 JiweLaMeru
Nimesoma jiolojia, nipo Arusha. Niweke hesabu sawa. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 9.1, magharibi ya Sumatra, Indonesia. Kwa saa zetu ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri. Ufa, yaani mpaka wa mabamba ya ardhi uliokuwa umekwama, uliachia kwa urefu wa kama kilomita 1,300. Walikufa watu kama 230,000 katika nchi zaidi ya kumi. Somalia karibu 300, wengi upande wa Hafun. Kwetu Tanzania wasiopungua kumi, Kenya mmoja.

Kutoka pale hadi pwani yetu ni zaidi ya kilomita 6,000, saa nane au tisa za safari ya maji. Yaani dunia ilijua tangu alfajiri, na binamu zake #7 wakavaa nguo za kuogelea mchana. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Pasifiki walikuwa nao tangu 1949.

#11 BintiMpare
Saa tisa! Basi la Moshi kwenda Dar linafika.

#12 PweZaPangani
Mimi mtu wa Pangani, nauza samaki Arusha. Wazee kwetu wanasema tulinusurika kwa sababu ya matumbawe. Mwamba umekaa mbele kama boma, maji yanavunjikia kule. Ndiyo maana tunagombana na wanaovua samaki kwa baruti: anayevunja mwamba anabomoa ukuta wa nyumba yetu.

#13 JiweLaMeru
#12 mwamba unasaidia, lakini sababu kubwa ni uelekeo. Ufa wa Sumatra umelala karibu kaskazini-kusini, na nguvu ya tsunami hutoka kwa wingi ubavuni mwa ufa. Kwa hiyo ilikwenda mashariki, Thailand, na magharibi, Sri Lanka na India. Somalia ilikuwa karibu na njia hiyo. Sisi tulipata pembeni.

#14 BahariaMstaafu
Mnasahau mwezi. Siku ile ulikuwa mpevu, maana yake bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Na maji ya bamvua yakikupwa, yanakupwa hasa. #7 mwenyewe kasema watu walikuwa mbali kwenye mchanga mtupu. Tsunami ilitukuta bahari iko chini, ikapanda mahali ambapo maji hufika kila siku. Ingekuja yamejaa bamvua, tungekuwa tunaandika mengine. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza, uelekeo wa pili.

#15 JiweLaMeru
Mzee, kupwa kunaeleza kwa nini maji hayakuingia mitaani. Hakuelezi kwa nini wimbi lenyewe lilikuwa dogo.

#16 PweZaPangani
Na nyote wawili hamjaeleza kwa nini penye mlango wa mwamba mkondo ulikuwa mbaya kuliko penye mwamba mzima.

#17 SimbaWaSakina
Wakuu, mimi nilisikia ilikuwa bomu la majaribio chini ya bahari.

#18 JiweLaMeru
Hapana mkuu. Mashine za kupima matetemeko ziko dunia nzima, na mlipuko hauandiki mchoro mmoja na ufa. Ufa ule uliendelea kuachia kwa dakika kadhaa. Bomu linapiga mara moja. Tena pale bamba la India limekuwa likisukumwa chini ya Sumatra siku zote. Halihitaji msaada wa mtu.

#19 NuruYaMajengo
Mimi naona mkono wa Mungu. Kule Aceh, Sumatra, kijiji cha Lampuuk, nyumba zote zilifutika, msikiti wa Rahmatullah ukabaki umesimama peke yake. Picha zipo.

#20 FundiSanifuNjiro
Dada Nuru, ni kweli ulibaki. Kwa jicho la ujenzi, misikiti ya namna ile chini ina nguzo imara na kuta chache, maji yanapita katikati badala ya kusukuma ukuta. Nyumba ya matofali iliyofungwa pande zote inabeba mzigo wote.

#21 NuruYaMajengo
Na aliyempa fundi akili ya kuweka nguzo ni nani? Sibishani nawe kaka, tunatazama jengo lile lile.

#22 MwalimuKiboriloni
Nimefurahi mnavyoshindana kwa heshima. Turudi mchangani kidogo. Niwaambie watoto kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla wakimbie, si ndiyo?

#23 JiweLaMeru
Waambie, lakini USIISHIE hapo. Bahari hairudi nyuma kila mara. Inategemea uko upande gani wa ufa. 2004 Thailand waliona maji yakiondoka kwanza, kwa sababu upande wao sakafu ilishuka. Sri Lanka na India wengi walipokea maji yanayopanda moja kwa moja. Sisi tuko upande wa Sri Lanka. Mtoto akisubiri bahari irudi nyuma ndipo akimbie, anaweza kusubiri hadi imfikie kiunoni. Mwambie: bahari ikifanya LOLOTE lisilo la saa yake, kupanda au kushuka, toka.

#24 BintiMpare
Kuna yule binti Mwingereza wa miaka 10, Tilly Smith. Alikuwa Phuket, Thailand, na wazazi wake, ufukwe wa Maikhao. Wiki mbili kabla alifundishwa tsunami kwenye somo la jiografia. Akaona maji yanatoa povu na kufanya ajabu, akang'ang'ana hadi mama na baba wakasikia, ufukwe ukaondolewa watu, wakapona. Mwalimu wake alikuwa wa somo lako hilohilo, Mwalimu. Dharau za jiografia ziishe.

#25 MwongozaWatalii_Kili
Niongeze langu. Mwaka juzi nilipandisha mlima mzee mmoja Mjapani kutoka Iwate, pwani iliyopigwa tarehe 11 Machi 2011. Usiku kambini Horombo alinifundisha neno: tendenko. Maana yake, kwa alivyonieleza, kila mtu akimbie mwenyewe, asirudi kumtafuta mwingine. Nikamwambia kwetu hilo ni neno zito, utamwachaje mama? Akasema mmeshapatana kabla: mama anajua mtoto anakimbia, mtoto anajua mama anakimbia, mnakutana juu. Familia zisizopatana ndizo zinazorudi kutafutana na kuzama pamoja.

Akanitajia mji wa Kamaishi, ambako wanafunzi wa shule zilizokuwa karibu na maji walikimbia wenyewe, wakubwa wamewashika mikono wadogo. Walipofika mahali palipopangwa wakaona hapatoshi, wakapanda tena juu zaidi. Karibu watoto wote wa mji ule waliokuwa shuleni siku hiyo walipona. Japani nzima waliokufa na kupotea ni zaidi ya 18,000.

#26 PweZaPangani
Kumwacha mama? Hapana. Samahani, hilo kwetu halipiti.

#27 MkaziWaUsaRiver
#26 nakuelewa. Lakini mjomba wangu siku ile alirudi majini mara mbili kututafuta, na sisi tulikuwa tumeshatoka. Nusura afe kwa ajili ya watoto waliokuwa wamekaa juu kwenye kibanda cha mihogo. Tungekuwa na mahali tulipopatana asingerudi.

#28 FundiSanifuNjiro
Hao Wajapani pia walijenga kuta. Mji wa Taro ukuta wa mita 10, maji yakapita juu yake. Kijiji cha Fudai lango na ukuta wa mita 15.5, kijiji kikapona. Kwetu zege la namna hiyo hatutalimudu, tuseme ukweli. Tunachoweza ni njia: barabara ya kwenda juu isiyozibwa na vibanda, na majengo ya ghorofa yaliyokubaliwa mapema kwamba siku hiyo mlango uko wazi kwa yeyote. Ghorofa ya tatu ya zege, kwa mji tambarare, ni kilima.

#29 SimbaWaSakina
Vipi mikoko?

#30 JiweLaMeru
Inapunguza nguvu ya wimbi la wastani. Kwa kubwa kama la Aceh, miti yenyewe inang'olewa na kuwa magogo yanayogonga watu. Wataalamu bado wanavutana. Ipandwe, ila mtu asikae nyuma yake akajiona yuko salama.

#31 BahariaMstaafu
Mfano ninaoupenda mimi ni Simeulue, kisiwa cha Indonesia kilicho karibu kabisa na kitovu cha lile tetemeko la 2004. Maji yaliwafikia ndani ya dakika chache. Hapo hata mfumo wa tahadhari usingewahi. Watu kama 78,000, walikufa saba tu. Mwaka 1907 tsunami iliwaua wengi, na waliobaki wakatunga neno, smong, wakaliimba kwa watoto usiku: ardhi ikitikisika sana, bahari ikikimbia, panda mlimani usiulize. Karibu miaka mia bibi wanawaimbia wajukuu. Siku ilipofika mtu akapiga kelele "Smong!" na kisiwa kizima kikapanda.

Nikajiuliza: Kiswahili tuna kujaa, kupwa, bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi, maneno ya bahari hayana idadi. La hili hatuna. Tumeazima la Japani.

#32 KijanaWaNgarenaro
Tuliite "majitoka".

#33 NuruYaMajengo
Gharika lipo tayari.

#34 BahariaMstaafu
Gharika ni la mvua mwanangu. Mtu akipiga kelele "gharika!" watoto watatazama juu.

#35 MangiMdogo
Nyie mnaongelea bahari, mimi nakumbuka Julai 2007 Arusha ilivyotikisika siku mfululizo, watu wanalala nje. Jengo letu la ofisi ya kupanga lilipata ufa, mwenye nyumba akapaka rangi tu. Kule hakuna tsunami ya kwetu?

#36 JiweLaMeru
Ile ilitoka upande wa mlima Gelai, kubwa yake ikiwa 5.9 tarehe 17 Julai, na volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa nguvu miezi michache baadaye. Bonde la Ufa linavutana na kuachana. Kwenye nchi kavu tunapata mtikisiko, basi.

Lakini usidhani mlima hauwezi kufanya tsunami. Utazameni Meru kutoka Momella, ni bakuli lililovunjika upande mmoja. Upande wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na maziwa yale ya Momella yamekaa juu ya kifusi chake. Sasa chukua poromoko la aina hiyo, liweke ndani ya maji. Lituya, Alaska, 1958: mwamba ulianguka kwenye ghuba nyembamba, maji yakapanda ng'ambo hadi mita 524. Na Anak Krakatau, tarehe 22 Desemba 2018, ubavu wa volkano uliteleza baharini usiku, zaidi ya watu 400 wakafa. Hakukuwa na tetemeko kubwa la kuwaamsha.

#37 MwalimuKiboriloni
Kwa hiyo kuna tsunami isiyo na mtikisiko kabla. Hapo unanivurugia somo, ila heri nivurugwe sasa.

#38 TopeLaKatesh
Mimi wa Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima wetu ulishuka na tope, magogo na mawe, zaidi ya watu 80 wakafa. Siku za mwanzo kila mtu na lake: volkano, laana, wachimbaji. Wataalamu wakasema mvua ililainisha sehemu ya mlima ikaachia. Mpaka leo nyumbani kwetu hawajakubaliana. Lakini wote wanakumbuka mlio. Majirani waliotoka waliposikia mlio wapo. Waliotaka kujua kwanza ni nini, wengi hawapo.

#39 BintiMpare
Poleni sana wa Katesh.

#40 SimbaWaSakina
Na Ziwa Tanganyika? Nyasa?

#41 JiweLaMeru
Ziwa lenye kina na kuta za mwinuko linaweza kupata la kwake, kwa ufa au kwa poromoko. Tanganyika lilitikiswa na tetemeko la 6.8 tarehe 5 Desemba 2005. Baharini nako tusitazame Sumatra peke yake. Makran, pwani ya Pakistan na Iran, ilitoa tsunami Novemba 1945. Na jirani zaidi, mashariki ya Mayotte, kisiwa kilicho karibu na Komoro, ilizaliwa volkano mpya sakafuni kuanzia 2018, ina kimo cha zaidi ya mita 800, na watu wa nchi kavu hawakuiona. Sisemi italeta maafa. Nasema kutoka huko hatutapewa saa tisa.

#42 PweZaPangani
Tahadhari ikitoka, inamfikaje mvuvi? Siku hizi tunaambiwa kuna mfumo.

#43 BahariaMstaafu
Upo. Australia, India na Indonesia wanapima na kutuma taarifa kwa nchi zote za Bahari ya Hindi, na kwetu anayepokea ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kutoka hapo hadi ngalawa ndipo pana kazi. Simu inazimika, redio ina muziki. Mimi ningetumia vipaza sauti vya misikiti, kila kijiji cha pwani kinacho, na sauti ile kila mtu anaijua. Kenya 2004 polisi waliwatoa watu ufukweni kabla.

Na mvuvi akipata habari akiwa nje, ASIRUDI bandarini. Aelekee kina kirefu, akae huko hadi aambiwe.

#44 NuruYaMajengo
Vipaza sauti nimependa. Na kengele za kanisa pia.

#45 FundiSanifuNjiro
Na mtu akishapanda asishuke. Mji uitwao Hilo, huko Hawaii, 1960: tetemeko lilikuwa Chile, ving'ora vya mji vikalia mapema. Wengi hawakuondoka, wengine waliona mawimbi ya kwanza madogo wakadhani yamekwisha. La tatu ndilo lililoua. Walikufa 61.

#46 MwalimuKiboriloni
Wakuu, tumerudi jana. Nilimpigia yule mama kabla ya safari, tukaongea karibu nusu saa, mwisho akaomba naye aje. Akaja.

Ufukweni Raskazone, kabla mtoto hajalowesha mguu, tulitembea wote hadi barabara ya juu. Mara ya kwanza dakika 11, wengine wanarudi kuchukua viatu. Nikawaeleza lile la tendenko, tukapatana mahali pa kukutana, penye mti mkubwa. Mara ya pili dakika 6, na hakuna aliyerudi. Kisha wakaogelea hadi jioni.

Kuna binti mmoja, mdogo kwa umbo, aliniuliza swali usiku bwenini sikuwa na jibu: "Mwalimu, na ikija usiku? Bahari isiyoonekana nitajuaje imerudi nyuma?"

#47 PweZaPangani
Sisi tukilala ndani ya ngalawa tunajua kwa mgongo. Maji yakiwa ya kujaa halafu chombo kinakaa chini, kinagusa mchanga, unaamka hata kama umelewa usingizi. Na kamba ya nanga inabadilisha upande.

#48 BahariaMstaafu
Sawa kabisa, Pwe. Lakini huyo ni aliye ndani ya ngalawa. Binti kauliza aliyelala nyumbani.

#49 MkaziWaUsaRiver
Mbwa?

#50 JiweLaMeru
Wengi waliopona husimulia mngurumo, kama treni au ndege inayokuja. Ila ukishausikia, umebaki na muda mfupi sana.

#51 PweZaPangani
Nampigia babu Pangani kesho baada ya alfajiri, nimuulize wao walikuwa wanasikiliza nini. Mwalimu, usifunge uzi.